Jina Lililokwama Mpakani

Mtu akishatoka nchi moja na hajaingia nyingine, yuko wapi? Msijibu haraka. Masumbuko naye alikuwa mtu wa kujibu haraka, mpaka mchana ule alipokalishwa ndani ya swali lenyewe, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, magoti yake yakigusa kaunta za serikali mbili.

Kituo chenyewe kilikuwa ukumbi mmoja. Siku hizi nchi mbili zinakaa chumba kimoja kama wapangaji, kila mmoja na jiko lake. Kushoto kaunta ya nchi unayotoka, kulia kaunta ya nchi unayoingia, na katikati mistari miwili ya njano iliyopigwa sakafuni. Kati ya mistari ile kuna marumaru tatu. Ndizo hizo tu. Marumaru tatu zisizo za mtu, na kiti juu yake.

Nchi zenyewe zina majina, ila hayasaidii kitu. Unayotoka inaitwa Huku, unayokwenda inaitwa Kule, na ukishafika Kule pale pale panageuka Huku. Kila moja ina saa yake ukutani na jua lake dirishani. Ya kushoto iko mbele kwa saa nzima. Kwa hiyo dirisha la kushoto jua lilikuwa linamalizikia, watu wanaanua nguo kambani, na dirisha la kulia jua lilikuwa bado linachoma mabati, mtu anaanika. Ukumbi mmoja, hewa moja. Hakuna aliyeshangaa. Walishazoea.

Afisa wa kushoto aliitwa Chengula, mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili. Alimgongea Masumbuko muhuri, pa!

"Umetoka. Safari njema."

Masumbuko akahamia kiti cha katikati. Akakumbuka kalamu yake.

"Samahani mkuu, nimeacha kalamu hapo."

Chengula akamtazama kama mtu anayetazama dirisha. "Nani anaongea?"

"Mimi. Uliyenigongea sasa hivi."

"Niliyemgongea ametoka. Aliyetoka mimi simuoni. Kisheria hapo hakuna mtu."

Kalamu ikabaki pale, mbali kwa kipimo cha mkono mmoja, ng'ambo.

Upande wa kulia alikaa Bi Malita. Mwanamke mpana, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, miaka kumi na tisa kwenye kaunta hiyo hiyo. Alifungua pasi, akatazama picha, akamtazama mtu, akarudi kwenye picha.

"Huyu wa humu amenuna. Wewe unacheka."

"Siku ya picha walinikataza kucheka, mama."

"Na leo kakuruhusu nani?"

"Nimepata mtoto."

Bi Malita akavaa miwani vizuri. "Hongera. Haya, nuna kidogo nikutambue."

Masumbuko alijaribu. Alikunja paji la uso, akavuta midomo chini, akafikiria madeni, akafikiria jino lililong'olewa bila ganzi. Haikuwezekana. Kicheko kilikuwa kinatokea masikioni. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni, dereva wa lori la vitunguu aliyeitwa Kabwe, alimwangalia akaanza kucheka naye, bila kujua kwa nini.

"Basi, basi," Bi Malita akasema. "Pua ni ile ile. Umebeba nini?"

Hapo sasa. Swali hilo kila anayepita barabara ile analijua, na jibu lake analijua. Unasema, "Nguo tu, afande." Hata kama umebeba mbuzi kwenye begi na mbuzi analia, unasema nguo tu. Lakini Masumbuko hajawahi kuvuka popote tangu alipobebwa mgongoni. Na kwao alifundishwa kwamba mtu mzima akikuuliza swali, unajibu lile lile aliloliuliza.

"Jina," akasema.

"Jina lako nimeliona. Nauliza mzigo."

"Ndiyo mzigo wenyewe, mama. Nimebeba jina. La mtoto."

Bi Malita akaweka kalamu chini taratibu. "Jipya au limetumika?"

"Jipya kabisa."

"Liko wapi?"

Masumbuko akagusa koo. "Hapa."

"Fungua tuone."

"Halifunguliwi."

Foleni yote ikasogea karibu. Hata feni ilionekana kama inasikiliza.

Ikabidi Masumbuko aeleze. Kwao mtoto akizaliwa anakaa ndani siku saba bila jina, wala mlango haonyeshwi. Siku ya saba, kabla jua halijazama, baba anainama na kumnong'oneza jina sikioni. Mtoto akipiga chafya, ujue limeingia, ni lake. Lakini lazima sikio la mtoto liwe la kwanza. Likishasikika na sikio jingine kabla yake, limeshavaliwa hilo, na mtoto hapewi jina la mtumba. Na baba asipofika jua likazama? Basi bibi wa mtoto anaita linalomjia mdomoni.

"Na leo ni siku ya ngapi?" Bi Malita akauliza.

"Ya saba."

Wote wakageuza shingo. Dirisha la kushoto siku ilikuwa inakwisha. Dirisha la kulia, saa ya ukutani ilisema saa kumi na moja kasoro dakika tano.

"Mimi ninachojua ni kimoja," Bi Malita akasema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma mkono wake mwenyewe. "Kilichofungwa hakipiti meza hii. Sanduku, gunia, bahasha, tumbo la samaki. Sheria haikusema isipokuwa jina. Lifungue, nikugongee, ukimbie. Ni neno moja tu."

Neno moja tu! Masumbuko alijua bei ya neno moja. Yeye mwenyewe alizaliwa baba yake akiwa safarini, na siku ya saba baba alikwama mpakani, akafika usiku, na bibi yake, mgongo unauma, moto umezimika, alikuwa ameshatazama kile kitoto na kusema: Masumbuko. Miaka thelathini na moja anatembea nalo. Shuleni chaki ikipotea mwalimu anamwangalia yeye. Alipoacha shule darasa la sita, hakuna aliyeuliza sababu, walisoma daftari la mahudhurio wakaona imeeleweka. Amekwenda kuomba kazi ya kuendesha greda, bosi akauliza jina, akasikia, akasema tutakupigia. Kwa bahati alizaliwa na kicheko ndani yake, kicheko kigumu kama kokwa, na jina lile halikuweza kukisaga. Lakini alijiapia. Wake hatabebeshwa uchovu wa mtu mwingine. Miezi tisa amelitafuta hilo jina, amelionja usiku bila kutoa sauti, amelitupa likarudi lenyewe. Sasa liko kooni, tamu, linataka kutoka, na hapa mtu anasema lifungue.

Simu haikushika. Minara ya Huku ilikuwa imeshamwachia, minara ya Kule bado haijampokea.

Akakaa.

Na katikati pale, nikwambie kitu, muda hauko kama huu wetu. Saa mbili zinavutana juu ya kichwa chako, moja inakuambia umechelewa, nyingine inakuambia bado, mwishowe zinachoka zote zinakuachia. Unabaki na muda ambao haujagongwa muhuri. Unasikia kucha zako zikiota. Unajiuliza: huyu aliyetoka amekwenda, huyu wa kuingia hajafika, sasa anayekaa kwenye kiti ni nani? Si raia, si mgeni. Hana saa, hana kalamu. Hata picha yake inamkataa. Na ajabu, Masumbuko hakuogopa. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Kumbe ukiondoa kila kilichoandikwa juu yako, bado kuna mtu anabaki amekaa, na huyo mtu anacheka.

"Sogea kidogo, ndugu yangu."

Kijana mmoja alikuwa amekaa naye kwenye kiti kile kile, nusu ya makalio nje. Suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, nywele zimejaa, jasho. Alionekana mdogo kwake kwa miaka kama mitano.

"Unakwenda wapi?" Masumbuko akamuuliza.

"Nyumbani. Mke wangu kajifungua. Leo siku ya saba."

Masumbuko alitazama vidole vyake. Kidole gumba cha kushoto kilipinda nje. Akatazama cha kwake mwenyewe. Kimepinda vile vile.

"Umebeba nini?" akauliza, sauti ndogo.

"Nilibeba jina. Wakaniambia fungua tuone."

"Ukafungua?"

"Nilikuwa na haraka, bwana! Nikafungua. Wakaliandika kwenye kitabu, wakanigongea. Kufika barabarani najipapasa, naona mdomo mtupu. Hata silikumbuki, ndiyo nimerudi hapa." Kijana akajifuta shingo. "Wewe unatokea mbele huko. Ikawaje?"

"Ikawaje nini?"

"Mtoto. Mimi sijafika bado."

Masumbuko alifikiria amwambie yote, chaki, greda, yote. Akamwangalia lile jasho.

"Amekua," akasema. "Mtu wa kucheka sana."

"Kweli?"

"Mpaka maafisa wanalalamika."

Kijana akashusha pumzi, akatabasamu, jino moja la mbele limepanda juu ya jingine. "Basi vizuri," akasema. Na kiti kikawa na nafasi.

Saa ya kulia ikarudi kusikika. Saa kumi na moja na robo.

Masumbuko akasimama wima juu ya marumaru zake. "Afande, mimi siwezi kufungua, na wewe huwezi kunipitisha nikiwa nimefunga. Sawa. Lakini mtoto yuko upande wako tayari. Mke wangu amejifungulia kwa mama yake, Mama Tumpe, nyumba ya mlango wa bluu, ukipita mizani ya malori. Akija yeye hapa?"

"Mimi sizuii mtu kutembea ndani ya nchi yake," Bi Malita akasema, haraka kidogo, kama aliyekuwa anangoja kuulizwa.

"Ila simu haishiki."

Kabwe wa vitunguu akapiga kaunta kofi. "Simu ya nini? Pale nje kuna malori mpaka mizani! Afande, mimi bado niko Huku, ila sauti yangu naomba ivuke. Nimeifungua wazi, kagua."

"Sema nisikie kwanza."

"Mwambieni Mama Tumpe wa mlango wa bluu, mkwe wake amekwama mezani, amlete mtoto kabla jua halijazama."

Bi Malita akainua muhuri, akagonga hewa. "Pita."

Kabwe akageukia dirisha la kulia akapiga kelele. Dereva wa lori la kwanza la foleni ya Kule, aliyekuwa analala miguu ikiwa nje ya dirisha, akaamka, akapiga honi, akamwambia wa pili. Wa pili akamwambia wa tatu. Saruji akamwambia mahindi, mahindi akamwambia magodoro, magodoro akamwambia lori tupu. Ukumbini walisikia honi zikiondoka moja moja kuelekea mizani, kama ngazi inayopandwa na mtu asiyeonekana. Wale madereva walikuwa wamekaa kwenye foleni ile siku nne, na leo ndiyo mara ya kwanza kitu chochote kusogea.

Bi Malita akaingia stoo. "Natafuta kama iliwahi kutokea," akasema. Walimsikia akipiga chafya za vumbi, akishusha vitabu. Alirudi na kimoja, kikubwa, jalada limeliwa na mende. Akafunua, akafunua, akasimama kwenye ukurasa mmoja. Akausoma. Kisha akamwangalia Masumbuko muda mrefu, hasa kidole gumba, akakifunga kitabu akakikalia.

Saa kumi na moja na nusu. Na dakika arobaini. Na hamsini. Jua la dirisha la kulia sasa lilikuwa limegusa mabati.

"Mimi simuoni," Chengula akasema kutoka kushoto, bila kuulizwa, "ila kama ningekuwa namuona, ningemwambia asikate tamaa."

Ndipo honi zikaanza kurudi. Kutoka mizani, magodoro, mahindi, saruji, zikija. Na mlango mkubwa wa Kule ukafunguka, ikaingia nyumba.

Ilikuwa nyumba ya vitenge. Wanawake sita wameshika pande, wengine wawili wameinua paa kwa mianzi, na mbele kitenge cha bluu kimening'inia pale pa mlango. Ilikuja inayumba juu ya mkokoteni, magurudumu yanalia, na ndani mtu anakohoa. Aliyeongoza alikuwa mama mfupi mwenye kifua cha kusukumia watu: Mama Tumpe.

"Hii ni nini?" Bi Malita akauliza.

"Nyumba. Hujawahi kuona nyumba?"

"Inatembea, mama."

"Ya kwako kwani wameifunga kamba?" Mama Tumpe akaegemea kaunta, anahema. "Mtoto hana jina, haruhusiwi kutoka nje. Na hajatoka. Yuko ndani na mama yake, wamekaa godoroni. Nyumba ndiyo iliyotoka. Kuna sheria ya nyumba?"

Bi Malita akafikiria. Akafungua droo, akafunga. "Hakuna."

Masumbuko alichuchumaa papo hapo kati ya mistari. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo nini kukaa hapo kama kuku anayeatamia? Nimeshaandaa jina langu mimi. Zimebaki dakika sita. Nilitaka kumwita Foleni."

"Mama!" sauti ya Tumpe ikatoka ndani ya vitenge, inacheka na inalia. "Masumbuko, usimsikilize! Njoo!"

Wakaisogeza nyumba mpaka mlango wa bluu ukagusa mstari wa njano. Masumbuko akapanga miguu yake, vidole kwenye mwisho wa marumaru ya tatu.

"Miguu isivuke," Bi Malita akaonya. "Miguu haina muhuri."

"Haivuki."

"Mikono je?"

"Naikunja mgongoni."

Akainama. Kabwe akatoka foleni akamshika mkanda kwa nyuma asianguke, na Chengula, ambaye haoni mtu, akaona mkanda tu ukiwa peke yake hewani, akausaidia. Kichwa cha Masumbuko kikapita kwenye kitenge cha bluu, kikazama.

"Masumbuko!" Bi Malita akaita kwa sauti ya kazi. "Kichwa chako kiko wapi sasa hivi?"

Sauti ikatoka ndani, imefunikwa, imelainika.

"Nyumbani, afande."

Bi Malita akaandika hivyo hivyo.

Ndani mle giza lilikuwa la rangi, jekundu na njano, jua likipita kwenye maua ya vitenge. Tumpe alikuwa amekaa, jasho puani, amemshika mtu mdogo kuliko mkate. Sikio lake lilikuwa limekunjika, bichi, halijawahi kutumika kwa lolote kubwa. Masumbuko alisogeza mdomo. Miezi tisa, barabara yote ile, na sasa shida ilikuwa asicheke. Akalisema. Mara moja tu, kwa pumzi tu.

Mtoto alikunja uso, akanuna kabisa, kama picha ya pasi. Akafikiria.

Akapiga chafya.

Basi! Vigelegele vilipasua paa la vitenge, mianzi ikaanguka. Tumpe alilitangaza jina, Mama Tumpe akalirudia, wanawake wanane wakalirudia, Kabwe akalitupa dirishani, na malori yakaanza kulibeba, saruji kwa mahindi, mahindi kwa magodoro, honi kwa honi mpaka mizani na kupita mizani. Jua likazama likiwa limelisikia. Jina lenyewe mimi siliandiki hapa. Kitabu hiki kinaweza kuvuka mpaka siku moja, na sijui mezani kitaulizwa nini.

Masumbuko akarudisha kichwa chake kwenye marumaru tatu, kitenge kimemnasa sikioni. Akakaa kwenye kiti. Bi Malita akarekebisha miwani, akaanza upya, kwa sababu kazi ni kazi.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, afande."

"Fungua nione."

Akafungua mdomo wazi. Bi Malita akachungulia mpaka kooni. Hamna kitu humo, kicheko tu, na kicheko hakimo kwenye orodha. Pa! Muhuri ukalia.

"Umeingia. Karibu."

Masumbuko alishainuka, mguu mmoja uko Kule, mikono imeshaelekea kwa mtoto, aliposikia, "We! Rudi. Mzigo wako unauacha?"

"Mzigo gani?"

Bi Malita alikuwa amekitoa kile kitabu alichokikalia. Akafungua ukurasa, akafunika mstari mmoja kwa kidole, akasoma kilichobaki. "Jina moja, la mtoto wa kiume. Limefunguliwa mezani. Aliyelibeba, mwenye kidole gumba cha kushoto kilichopinda nje, ameondoka bila kulichukua. Litakaa hapa mpaka mwenyewe aje." Akainua macho. "Miaka thelathini na moja. Stoo yangu si ya kuwekea vitu vya watu."

Ukumbi ulikuwa na vurugu, watu wanacheza, ila Masumbuko hakusikia kitu.

"Limeshasikika, mama," akasema polepole. "Limeshavaliwa hilo."

"Kalivaa nani? Aliyelisikia alikaa kiti hiki kabla yangu, na amezikwa na masikio yake. Mimi nimelisoma kwa macho. Macho si masikio. Usinifundishe kazi." Akaegemea mbele, kifua kikafunika kaunta, miwani ikaning'inia. "Lete sikio."

Masumbuko akainama, mguu mmoja Kule, mmoja kwenye marumaru. Mkono wa afisa ulinukia wino na sabuni. Neno likaingia, dogo, la zamani, na jipya kabisa.

Akasimama wima. Akakunja uso. Akanuna, kwa mara ya kwanza siku ile, sawasawa na picha yake, mpaka Kabwe akaogopa.

Akapiga chafya, kubwa, karatasi zikaruka kaunta zote mbili.

Na Chengula, ambaye kisheria hakuwa anamuona, akamrushia kalamu yake na kusema, "Afya, bwana."